Mazoezi ya kumbukumbu kwa kompyuta kwa wenye shinikizo la damu

Ni michezo ya skrini inayomtaka mtu ashike tarakimu au picha akilini kwa muda mfupi, ugumu ukipanda kadiri anavyopatia. Huelekezwa kwa wenye presha kwa sababu shinikizo la miaka mingi hukakamaza na kuziba mishipa midogo ya ubongo. Kupanga mambo na kufikiri upesi hudhoofika hata kabla ya kiharusi.

Ushahidi wake una mipaka. Utafiti wa ACTIVE wa Marekani, ulioanza 1998 kwa wazee 2,832 wenye presha na wasio nayo, ulikuwa na makundi matatu ya mazoezi. Baada ya miaka 10, hatari ya ugonjwa wa kusahau ilipungua kwa asilimia 29 katika kundi la mazoezi ya kasi, yaliyotumia kompyuta. Kundi la kumbukumbu halikupata kinga hiyo.

Nchini Tanzania, kazi iliyo karibu zaidi ilifanyika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro: wazee wenye ugonjwa wa kusahau walichangamshwa akili kwa vikundi, kwa mazungumzo na michezo, bila kompyuta. Kwa kuwa haihitaji kompyuta, njia hiyo ingefaa pia vijijini kama Muze, bondeni mwa Ziwa Rukwa chini ya nyanda za Ufipa.

Hata hivyo, kipimo cha presha na dawa ya kila siku vitangulie. Katika utafiti wa SPRINT kwa wenye presha, uliotoa matokeo haya 2019, kulenga namba ya juu ya presha iwe chini ya 120 badala ya 140 kulipunguza hatari ya udhaifu mdogo wa akili kwa takriban asilimia 19.