Unga wa Kampuni: Kantini na Chapa za Duka katika Historia ya Lubumbashi

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Septemba 1910, mwaka uleule mji ulipoanza kupimwa viwanja. Kwa njia hiyo zilikuja mashine, makaa ya mawe ya Wankie na kitu ambacho vitabu vya shaba hukipita haraka: unga wa mahindi wa Rhodesia. Tanuru la kwanza la kampuni ya shaba ya Union Minière du Haut-Katanga liliwashwa mwaka 1911. Watu waliolihudumia walitolewa Rhodesia ya Kaskazini na Lomami, baadaye Kasai na Ruanda-Urundi, wengi wao kupitia Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuandikisha vibarua iliyoundwa mwaka 1910. Hawakuwa na shamba, wala jamaa wa kuwakaribisha mezani. Walikula walichopimiwa.

Naanza hapo kwa sababu leo, watu wa Lubumbashi wanapozungumza juu ya supamaketi zinazouza sukari, sabuni au mchele kwa jina la duka lenyewe, huonekana kama jambo hilo limeletwa juzi na matajiri wa Afrika Kusini. Sikubaliani. Mji huu ulijua bidhaa yenye jina la mgawaji mapema sana, tena kwa namna kali kuliko yoyote iliyowahi kuonekana Paris au London. Msururu mkubwa wa kwanza wa maduka ya chakula Katanga ulikuwa kantini za kampuni ya madini, na bidhaa yake ilikuwa unga.

Kwanza tuone chapa ya duka hufanyaje kazi. Mwenye duka hamiliki kiwanda, au anacho lakini hakitangazi. Anaagiza bidhaa kwa msagaji au mtengeneza sabuni, anaipa jina lake, na jina la aliyeitengeneza linabaki kwa herufi ndogo au halionekani kabisa. Faida anayoipata hutoka sehemu mbili: halipi gharama za matangazo, na anaweza kumwambia msagaji, ukipandisha bei nitakwenda kwa mwenzako. Geoffroy Guichard wa maduka ya Casino, Ufaransa, alianza kuuza bidhaa kwa jina la Casino mwaka 1901. Marks & Spencer wa Uingereza walisajili chapa yao ya St Michael mwaka 1928. Afrika Kusini, Pick n Pay walileta mwaka 1976 vifurushi vyao vya No Name. Katika visa vyote hivyo mnunuzi alikuwa na kitu kimoja mkononi: akiona unga hauna ladha, anavuka barabara na kununua mwingine.

Mwaka 1928, ule wa St Michael, una uzito wake Katanga pia. Ndipo reli ya B.C.K. (Bas-Congo–Katanga) ilipokamilika hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, ikaunganisha migodi na mashamba ya Lomami na Kasai. Kabla ya hapo tumbo la Elisabethville lilitegemea koloni la Waingereza, jambo lililowaudhi watawala wa Kibelgiji. Mwaka uliofuata, 1929, ikaundwa kampuni tanzu ya Union Minière, Minoteries du Katanga, na kiwanda chake cha kusaga unga kikawekwa Kakontwe, Jadotville, ambayo sasa ni Likasi. Mahindi yakaanza kuteremka kutoka kaskazini. Wakulima wengi walioyalima walilazimishwa na serikali ya kikoloni kuyalima na kuyauza kwa bei wasiyoipanga wao.

Basi angalia mnyororo ulivyofungwa. Kampuni iliyomwajiri mtu ndiyo iliyomiliki kiwanda cha kusaga, ndiyo iliyoendesha ghala, ndiyo iliyoshika mizani. Casino wenyewe hawakuwahi kufika huko. Mteja wa Casino alirudi nyumbani kwake; mteja wa kantini alirudi kwenye nyumba ya kampuni, akampikia mume aliyekuwa zamu ya kampuni, na mtoto wake akaenda shule iliyolipiwa na kampuni.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliacha kutegemea vibarua wa kuja na kuondoka, ikaanza kuwakalisha watu kambini na familia zao kwa mikataba ya miaka 3. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa kinara wa siasa hiyo, aliliona jambo hilo kwa hesabu: mfanyakazi aliyeshiba, mwenye mke na watoto wenye afya, si rahisi kufa wala kutoroka. Kadi ya posho ikawa karatasi muhimu kuliko zote ndani ya nyumba. Juu yake waliandikwa baba, mama na watoto, kila mmoja na fungu lake. Siku ya posho mama alikwenda kantini na beseni la unga, chupa ya mafuta ya mawese na kitambaa cha kufungia maharagwe na karanga. Karani alisoma kadi, akapima, akatia alama. Nyama au samaki, chumvi, kisha anayefuata. Mdogo wa mume aliyekuja kutoka kijijini kutafuta kazi hakuwamo kwenye kadi, kwa hiyo alikula kutoka fungu la wengine. Mke wa pili naye hakutambuliwa. Chakula kilieleza nani ni familia na nani si familia, na maelezo hayo yaliandikwa ofisini, si nyumbani.

Mtu anaweza kupinga: huo ulikuwa mgao, si biashara, na palipo na mgao hapana chapa. Pingamizi hilo ni la haki, lakini halinitoshi. Posho ilihesabiwa kuwa sehemu ya ujira, kwa hiyo ililipiwa, ila malipo hayakupita mkononi mwa mlipaji. Na watu waliupa unga huo jina la aliyeutoa. Unga wa Union Minière ulikuwa kitu kimoja, unga wa sokoni ulikuwa kitu kingine, na mpishi wa bukari, ugali wa Katanga, aliijua tofauti kabla maji hayajachemka. Jina, mazoea na uwezo wa kulinganisha ndiyo mambo yanayofanya chapa.

Kulinganisha huko kulikuwa na upande wa hatari. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia bei za vitu madukani zilipanda, mishahara haikufuata, na wafanyakazi walijua vizuri kile ambacho kadi haikuwapa: nguo, sabuni, chombo cha kupikia. Desemba 1941 waligoma. Tarehe 9 ya mwezi huo askari waliwafyatulia risasi waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, wakaua makumi ya watu, na miongoni mwao Léonard Mpoyi, aliyesimama kuwasemea wenzake. Anayetaka kuamini kuwa kampuni ilikuwa baba mwema kwa sababu ilitoa unga, aanze na tarehe hiyo.

Nje ya kambi kulikuwa na maduka ya Wagiriki, ya Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes na ya wafanyabiashara wengine, kuanzia katikati ya mji hadi kandokando ya mitaa ya Kamalondo na Kenya. Haya yaliuza zaidi majina ya wengine: kitambaa cha kiwanda fulani, sabuni ya kampuni fulani. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza Zairianisation, maduka mengi ya wageni yakakabidhiwa raia waliochaguliwa, na mengi yakabaki na rafu tupu. Wenye maduka hayo waliruhusiwa kurudi mwaka 1976. Baadhi walirudi, lakini uzi wa kuagiza, kukopeshana na kuaminiana ulikuwa umeshakatika.

Union Minière yenyewe ilitaifishwa Januari 1967 na hatimaye ikawa Gécamines. Bendera ilibadilika, kantini ilibaki. Mwaka 1984 Gécamines ilipogawanywa, tawi lake la Gécamines Développement likashika kilimo na ufugaji, kana kwamba kuzalisha chakula ni kazi ya kawaida ya mchimba shaba. Kwa mfanyakazi wa miaka hiyo ilikuwa hivyo hasa. Mfuko wa unga wa kila mwezi ulikuwa ushahidi kwamba kazi ipo. Majirani wasio wa Gécamines waliuona ukishushwa, na mara nyingi walionja, kwa sababu nyumba yenye unga haikosi wageni.

Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka Septemba 1990, uzalishaji ulianguka nao. Miaka iliyofuata ilileta kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai, uporaji, vita, na mishahara iliyochelewa miezi kwa miezi. Mfuko ukaanza kuchelewa, kisha ukaja nusu, kisha haukuja. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 *Bana Shaba abandonnés par leur père*, watoto wa Shaba waliotelekezwa na baba yao. Mwaka 2003, katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka Gécamines kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wengi walipokea fedha ndogo kuliko walichokuwa wakidai.

Hapo ndipo wanawake waliposhika soko. Mama aliyekuwa akisimama na kadi kantini sasa alikaa katika mtaa wa Katuba au Kenya na mfuko wazi mbele yake, akiuza unga kwa kopo. Unga huo haukuwa na jina la mtu. Mnunuzi alichovya vidole, akausugua, akanusa kama umekaa unyevuni, akauliza umetoka upande gani. Jina lililoaminika likawa la muuzaji mwenyewe, mama fulani wa kona fulani, na naona huo ndio uliokuwa uhuru wa kwanza wa mnunuzi wa unga katika mji huu, ingawa ulizaliwa na njaa.

Baadaye mifuko ya kilo 25 ya wasagaji wa Zambia ilirudi kwa wingi kupitia Kasumbalesa, njia ileile ya mwaka 1910 ila sasa kwa malori. Zambia ilipozuia mahindi yake yasitoke mwaka 2016, Lubumbashi iliumia, na mwanzoni mwa 2017 bei ya unga ilikuwa habari ya kila nyumba. Kabla ya hapo Moïse Katumbi, alipokuwa gavana wa Katanga kati ya 2007 na 2015, aliyataka makampuni ya madini yalime kila moja hekta 500 za mahindi. Lilikuwa wazo la zamani lenye nguo mpya: mchimba shaba alishe mji.

Na supamaketi? Shoprite ya Afrika Kusini iliingia Zambia mwaka 1995, na bidhaa zake za Ritebrand zikawa karibu na mpaka wetu. Mwaka 2012 ilifungua duka Kinshasa. Mwanzoni mwa muongo wa 2020 ikaondoka Kongo. Nchi ya Kenya iliona jambo kama hilo kwa uchungu zaidi. Kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ilikuwa na chapa yake, Blue Label, iliyopatikana rafu kwa rafu, lakini Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ifungwe, na Blue Label ikafa nayo. Hata hivyo hakuna Mkenya aliyelala njaa kwa sababu hiyo. Wasagaji waliendelea kusaga kwa majina mengine, na mnunuzi akachukua pakiti iliyokuwa pembeni.

Lubumbashi haikuwa na pakiti ya pembeni. Chapa ya duka inapokufa, hasara ni ya mwenye duka na wadai wake. Unga wa kampuni ulipokufa Katanga, familia nzima zilikosa chakula cha jioni, kwa sababu muuzaji, mwajiri na mwenye nyumba walikuwa mtu mmoja. Kwa hiyo siwezi kuusifu ule mfuko, ingawa naelewa kwa nini wazee wanaukumbuka kwa upendo. Ulishibisha kweli. Lakini ulishibisha watu walionyimwa nafasi ya kukataa.

Mwaka 2001 mradi wa Mémoires de Lubumbashi ulitoa kitabu *Ukumbusho*, kilichokusanya picha, vitu na maneno ya wakazi wa mji huu, na Jumba la Makumbusho la Lubumbashi liliwahi kuweka vitu vya nyumbani mbele ya macho ya watu kama historia halali. Kazi hiyo haijaisha. Katika nyumba za Lubumbashi, Likasi na Kipushi bado kuna kadi za posho zilizokunjwa ndani ya Biblia, vipimo vya bati na mifuko ya zamani iliyogeuzwa mapazia ya bafu. Wenye vitu hivyo, msivitupe. Vipelekeni makumbusho au chuo kikuu, mkiambatanisha jina la aliyevitumia, kambi aliyoishi na mwaka, kwa kuwa bila maelezo hayo mfuko ni kitambaa tu.