Sauti za Busara: Ambapo fidla ya taarab hukutana na gitaa la umeme

MPENZI wa muziki aishiye Nyali na kutamani kusikia fidla za taarab na gitaa la umeme katika usiku mmoja, kila ifikapo Februari huelekeza macho kusini, kisiwani Unguja. Huko, ndani ya kuta za Ngome Kongwe katika Mji Mkongwe, ndiko linakofanyika tamasha la Sauti za Busara.

Tamasha hilo lilianza Februari 2004, mwaka mmoja baada ya kuundwa kwa Busara Promotions, shirika lisilo la kibiashara linaloliandaa. Mwanzilishi wake, Yusuf Mahmoud, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya Zanzibar kuwa makao yake, aliliongoza kwa miaka mingi. Kwa kawaida huchukua siku kadhaa na hufunguliwa kwa gwaride la ngoma, beni na sarakasi mitaani, kabla ya umati kuingia ngomeni na kukesha.

Ulaya ina mfano wake. Night of the Proms, iliyoanzia Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1985, huweka okestra kubwa ya muziki wa kale jukwaa moja na waimbaji wa nyimbo zinazovuma. Zanzibar haikuhitaji kuazima wazo hilo. Muziki wake wa heshima, taarab, ulikwisha kuvuka mpaka baina ya kasri na uchochoro zamani sana.

Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyewaalika wanamuziki kutoka Misri na kumtuma Mohamed Ibrahim aende Cairo kujifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Kisha akatokea Siti binti Saad, mtoto wa shamba kutoka Fumba, aliyeuimba muziki huo kwa Kiswahili mbele ya watu wa kawaida. Mwaka 1928 alirekodi santuri huko Bombay, India. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alifuata nyayo hizo: aliimba taarab na papo hapo alikuwa bingwa wa ngoma za unyago. Hakuna msanii aliyefananishwa zaidi na Sauti za Busara kuliko yeye.

Ndiyo maana katika tamasha hili si ajabu kundi la taarab lenye kanuni, udi, nai na fidla kuteremka jukwaani, na mahali pake kuchukuliwa na bendi ya vijana yenye gitaa la besi na tarumbeta. Wapo pia wanaouchanganya muziki wenyewe. Siti Amina, mpiga udi na mwimbaji wa kundi la Siti and the Band, ni miongoni mwa wasanii waliopitia Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002 eneo la Forodhani.

Sharti kubwa la waandaaji ni moja: kila kinachosikika lazima kipigwe papo hapo. Msanii haruhusiwi kusimama na kipaza sauti huku santuri ikimwimbia. Kwa wanataarab sharti hilo si mzigo. Kwa wasanii wa bongo flava, ambao wengi wao walilelewa na studio za kompyuta, lina maana ya kutafuta wapigaji, kufanya mazoezi na kujifunza kuimba juu ya ala zinazopumua. Baadhi ya mashabiki huliona sharti hilo kuwa kali mno. Ukweli ni kwamba bila hilo tamasha lingekuwa disko kama disko nyingine.

Jambo hilo linaeleweka upesi katika pwani ya Mombasa. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi kama Them Mushrooms, waliotoa wimbo wa Jambo Bwana mwaka 1982, na Mombasa Roots zilijijengea jina katika hoteli za kitalii za kaskazini mwa kisiwa. Them Mushrooms baadaye walishirikiana na mkongwe Fundi Konde na mwimbaji wa taarab Malika, mseto ule ule unaosifiwa Unguja. Lakini bendi inayoishi kwa hoteli huyumba hoteli inapoyumba. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 na shambulio la bomu la Kikambala la Novemba 2002 viliwatimua watalii, na kupiga muziki kwa vyombo kukawa gharama ya kwanza kukatwa.

Unguja nako fedha zimekuwa mtihani. Viingilio havitoshi kulipa wanamuziki, nauli na mitambo, hasa kwa kuwa wenyeji hutozwa kiasi kidogo mno kuliko wageni ili ngome isijae watalii pekee. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa wafadhili, likarejea mwaka 2017. Mwaka 2021, wakati wa janga la corona, lilipunguzwa hadi siku 2. Ufadhili wa muda mrefu wa Ubalozi wa Norway ulifikia kikomo mwaka 2022, na waandaaji wakalazimika kubisha hodi kwingine ili Februari iliyofuata kanuni na gitaa vipate tena pa kukutania.