Madaftari ya Kampala: Kumbukumbu za Maabara ni Suala la Siasa

Katika enzi ya ukoloni walikuwapo wasomi waliodai kwamba saratani ni maradhi ya jamii zilizostaarabika, na kwamba Mwafrika huugua kwa nadra mno. Dai hilo lilikuwa na matokeo ya kisera, kwani serikali haijengi wodi kwa ajili ya ugonjwa inaoamini kuwa haupo. Lililoliporomosha ni kazi ambayo wengi wetu huidharau: kuandika, kupanga na kutafuta kumbukumbu za hospitali na maabara. Historia ya kazi hiyo mjini Kampala inastahili kusomwa na kila mwanafunzi, mwanaharakati na mtumishi wa umma katika ukanda wetu.

Hospitali ya Mengo ilianzishwa mwaka 1897 na daktari mmisionari Albert Cook. Yeye na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi, waliweka maelezo ya wagonjwa kwa uangalifu, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1964 jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo kuanzia 1897 hadi 1956. Miongoni mwa waandishi wake walikuwamo J.N.P. Davies, Owor na Mtimavalye. Ilidhihirika kwamba saratani za aina mbalimbali zilikuwamo katika karatasi za Mengo tangu miaka ya mwanzo. Ugonjwa uliosemwa haupo ulikuwa umeandikwa kwa wino, ukisubiri mtu wa kuusoma.

Katika miaka ya 1950, Davies, aliyekuwa profesa wa patholojia, na wenzake walianzisha Rejista ya Saratani ya Kampala. Tuelewe ugumu wa kazi yenyewe. Kipande cha nyama kikifika maabara hupewa namba. Namba hiyo huandikwa kwenye fomu, kwenye kioo cha hadubini na kwenye kipande cha nta kinachohifadhi sampuli. Namba inatosha kumjibu daktari aliyeuliza kuhusu mgonjwa mmoja. Haitoshi kumjibu mtu anayeuliza: ni watoto wangapi wamepata uvimbe wa taya katika miaka kumi? Kwa swali hilo inahitajika faharasa nyingine, inayopanga kumbukumbu kwa kiungo, kwa aina ya uvimbe, kwa umri na kwa mahali mgonjwa anapoishi. Waanzilishi walichagua pia eneo mahususi, kaunti ya Kyadondo inayouzunguka mji wa Kampala, ili idadi ya wagonjwa ilinganishwe na idadi ya wakazi. Hesabu ya wagonjwa isiyo na hesabu ya watu haiwezi kutuambia ukubwa wa tatizo.

Matunda yake yalionekana mapema. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alianza kufuatilia watoto waliokuwa na uvimbe mkubwa wa taya, na mwaka uliofuata akachapisha makala yake ya kwanza kuhusu ugonjwa huo. Mwanapatholojia Gregory O'Conor, akishirikiana na Davies, alirudi kwenye kumbukumbu na sampuli za watoto. Uvimbe uliokuwa umepewa majina tofauti kwa kufuata kiungo, huku taya, kule figo, kwingine ovari, ulionekana kuwa ugonjwa mmoja, aina ya limfoma, na karibu nusu ya saratani za watoto katika rejista zilikuwa limfoma. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa huo unaonekana wapi. Sampuli kutoka Uganda ziliwawezesha Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, waliokuwa London, kutangaza mwaka 1964 virusi vinavyojulikana leo kama Epstein-Barr.

Majina ya madaktari hao yamo vitabuni. Majina ya makarani walioandika namba, na ya watoto waliotoa sampuli, hayamo. Tunaposifu uvumbuzi, tukumbuke ulisimama juu ya mabega ya nani.

Kisha ikaja mapinduzi ya Idi Amin ya mwaka 1971 na machafuko yaliyofuata. Rejista ilidhoofika hadi ikasimama, na ikafufuliwa mwaka 1989, wakati UKIMWI umekwisha kuitikisa nchi. Watafiti wakiongozwa na Henry Wabinga waliweza kulinganisha miaka ya 1960 na ya 1990. Saratani ya Kaposi, iliyojulikana Uganda kabla ya UKIMWI, ilikuwa sasa imepanda hadi kuwa ya kwanza kwa wanaume wa Kyadondo. Bila kumbukumbu za zamani, ongezeko hilo lisingeweza kupimwa. Na miaka ambayo hakuna aliyeandika haitarudi. Hakuna kompyuta inayoweza kuijaza.

Nasisitiza hili kwa sababu siku hizi tunapenda kudhani kwamba kununua kanzidata ni sawa na kuwa na kumbukumbu. Mashine haitambui kwamba Mohamed, Muhammad na Mohamedi wa kijiji kimoja ni mgonjwa mmoja, wala kwamba wilaya iliyogawanywa bado ina watu walewale. Inahitaji misimbo iliyokubaliwa, kama ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa kwa ajili ya saratani mwaka 1976, ikitenganisha mahali pa uvimbe na aina yake. Inahitaji pia sheria ya kulinda siri ya mgonjwa, na zaidi ya yote, mtu aliyefundishwa, anayelipwa na anayebaki kazini.

Kwa hiyo, ndugu zangu, bajeti ya afya ikiletwa mezani, msiishie kuuliza idadi ya mashine. Tafuteni kifungu cha mshahara wa mtunza kumbukumbu. Kisipokuwapo, mjue kwamba kuna wagonjwa ambao taifa limeamua kutowahesabu, na asiyehesabiwa hatengewi dawa.