Kutoka Mstari wa Orodha Hata Ukurasa wa Pili

Msomaji, bila shaka umepata kushika simu ya mkononi na kufungua orodha ya majina ya jamaa na rafiki zako. Ulitelezesha kidole juu ya kioo, majina yakapanda mbio, na ulipoliona jina ulilokuwa ukilitafuta uliligusa. Mara orodha ikasogea upande wa kushoto, na ukurasa mwingine ukaingia kutoka upande wa kulia, wenye nambari ya mtu huyo na habari zake. Ulipokwisha ukagusa kishale cha kurudi, na orodha ikawa pale pale ulipoiacha. Jambo hili huchukua muda wa kupepesa jicho, na kwa sababu hiyo watu hawalistaajabii. Lakini mambo madogo huwa na nasaba ndefu. Nataka twende pamoja nikuonyeshe nasaba ya mguso huo mmoja, na mwisho nitakueleza kosa nililolitenda mimi mwenyewe, ambalo lilinifundisha kuwa mstari wa orodha si kitu cha mchezo.

Orodha ni chombo kikongwe. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, mjini Alexandria katika nchi ya Misri, palikuwa na maktaba kubwa iliyojaa vitabu vya mafunjo vilivyokunjwa kama mikeka. Mshairi na mwanachuoni aliyeitwa Callimachus alitunga orodha ya waandishi na kazi zao, ikaitwa Pinakes, maana yake mbao za kuandikia. Husimuliwa kuwa orodha hiyo peke yake ilijaza vitabu 120. Aliwagawa waandishi kwa aina za kazi zao, na kwa kila kitabu akaandika maneno yake ya kwanza na hesabu ya mistari yake. Ilikuwa kazi ya sifa. Hata hivyo, tazama upungufu wake: mstari ulikitaja kitu, lakini kitu chenyewe kilikuwa mbali. Aliyesoma mstari alipaswa kuinuka na kukiendea kitabu kwa miguu yake.

Zilipita karne nyingi kabla ya hatua nyingine kubwa. Mwaka 1876 Mmarekani Melvil Dewey alitoa utaratibu wake wa kuvipa vitabu nambari. Kabla yake maktaba nyingi zilikipa kitabu nambari ya mahali kilipokaa, yaani chumba fulani, rafu fulani, nafasi fulani. Rafu zikihamishwa, nambari zote huharibika. Dewey alikipa kitabu nambari ya maarifa yaliyomo ndani yake, hata kikihamishwa mara 10 nambari hubaki nacho. Nakuomba, msomaji, uiweke tofauti hii moyoni: nambari ya mahali ni kitu kimoja, na nambari ya kitu chenyewe ni kitu kingine. Tutarudi kwayo.

Mnamo Julai 1945, vita vikuu vikikaribia kwisha, mtaalamu Vannevar Bush alichapisha makala katika gazeti moja la Marekani. Alieleza meza ya ajabu aliyoiita memex, ambayo ingehifadhi vitabu katika picha ndogo ndogo, na msomaji angeweza kuunganisha habari moja na nyingine, ili akiita ya kwanza aweze kuifikia ya pili papo hapo. Meza hiyo haikuundwa kamwe, lakini mbegu ilikuwa imekwisha pandwa. Kijana mmoja wa jeshi la majini la Marekani, Douglas Engelbart, aliisoma makala hiyo akiwa Ufilipino, nayo haikumtoka akilini. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Engelbart alitokea mbele ya wataalamu wapatao 1,000 akawaonyesha kompyuta yenye kioo, na kidude cha kuelekezea kilichopewa jina la panya. Miongoni mwa mambo aliyowaonyesha ilikuwamo orodha ya kawaida kabisa, orodha ya vitu vya kununua dukani. Aliipanga kwa makundi, akaifunga mistari na kuifungua, akaruka kutoka habari moja hata nyingine. Tangu siku ile mstari wa orodha ulikoma kuwa jina tu, ukawa mlango.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1987 Bill Atkinson wa kampuni ya Apple alitoa programu ya HyperCard, ambayo ndani yake kila habari ilikuwa kama kadi katika fungu la kadi, na kitufe katika kadi moja kiliweza kukupeleka kwenye kadi nyingine. Mwaka 1990 Mwingereza Tim Berners-Lee, akifanya kazi katika kituo cha sayansi cha CERN karibu na mji wa Geneva, aliandika programu ya kwanza ya mtandao wa kurasa tunaoutumia leo, akitumia kompyuta ya kampuni ya NeXT.

Lakini kompyuta hizo zilikuwa na vioo vipana. Orodha iliweza kukaa upande mmoja na habari zake upande wa pili, kama mwalimu anavyoweza kufungua vitabu viwili juu ya meza moja. Je, kioo kikiwa kidogo kama kiganja, itakuwaje? Swali hili lilijibiwa vizuri mwaka 2001, Apple ilipotoa chombo cha kusikilizia muziki kiitwacho iPod. Chombo hicho kiliweza kubeba nyimbo 1,000, na kioo chake kilikuwa cha inchi 2 tu kikipimwa kutoka pembe hata pembe. Haikuwezekana kuonyesha vitu viwili pamoja. Basi orodha ilishika kioo kizima: waimbaji. Ukichagua mwimbaji mmoja, orodha ile huondoka na kuiachia nafasi orodha ya kazi zake. Pembeni mwa mstari palikuwa na kishale kidogo cha kukuarifu kuwa nyuma yake pana mahali pa kuingia. Dhiki ya nafasi ndiyo iliyozaa adabu hii ya kupishana.

Tarehe 9 Januari 2007 Steve Jobs alionyesha simu ya iPhone kwa mara ya kwanza, na badala ya gurudumu la kuzungusha pakawa na kidole juu ya kioo. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Machi 2008, Apple ilitangaza vifaa ambavyo kwavyo mafundi wa nje wangeweza kuiundia simu hiyo programu zao. Miongoni mwa vifaa hivyo vilikuwamo viwili vinavyotuhusu hapa: kimoja cha kuchora jedwali la mistari, na kingine cha kuongoza safari kati ya kurasa.

Jedwali hilo halijui neno lolote lililo ndani yake. Kazi yake ni kumwuliza fundi maswali. Kwanza huuliza, "Mistari ni mingapi?" Kisha huuliza, "Mstari wa nambari hii uandikwe nini?" Na mtu akiugusa mstari, jedwali hupiga mbiu, "Mstari wa nambari hii umeguswa," likanyamaza. Ni juu ya fundi kuamua ukurasa gani ufunguliwe. Tena jedwali ni lenye kuweka akiba. Orodha ikiwa na majina 5,000, haliundi vibao 5,000. Huunda vichache vya kuenea kioo, na kibao kinachopotea juu huvikwa jina jipya kikarudi chini, kama sahani za karamu zinavyooshwa na kupakuliwa tena kwa wageni wa zamu ya pili.

Kiongozi wa safari naye hufuata kanuni ya rundo. Ukurasa mpya huwekwa juu ya ule wa kwanza, na wa tatu juu ya wa pili. Ukirudi, wa juu huondolewa, na ulio chini yake huonekana kama ulivyoachwa. Kanuni hii ni ya zamani kuliko simu hizi. Mwingereza Alan Turing aliieleza mnamo mwaka 1946 kwa maneno ya kuzika na kuzikua: mashine ikienda kufanya kazi ndogo, huzika kumbukumbu ya mahali ilipotoka, na ikimaliza huizikua ikarudi. Wahenga wetu wa pwani walilijua jambo hili bila mashine, waliposema, "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani." Mtu haogopi kuingia ndani akijua njia ya kutokea.

Usidhani, msomaji, kuwa Kenya ilikaa ikitazama tu. Tarehe 6 Machi 2007, mwaka mmoja kamili kabla ya vifaa vile kutangazwa, kampuni ya Safaricom ilianzisha huduma ya M-Pesa. Ilifanya kazi katika simu za bei ndogo, zenye vitufe na kioo cha maneno machache. Orodha ilikuwa ndani ya kadi ya simu yenyewe: kutuma fedha, kutoa fedha, kununua muda wa maongezi. Ulichagua mstari, ukaja ukurasa wa kuandika nambari ya mpokeaji. Kisha wa kiasi cha fedha. Kisha wa nambari ya siri. Kisha wa kuthibitisha. Mama aliyekuwa sokoni na mkulima aliyekuwa shambani walijifunza kutembea kutoka mstari hata ukurasa bila kuona kompyuta maishani mwao. Nao walijua upesi kuwa hatua moja ya kosa hupeleka fedha kwa mtu mwingine. Ndiyo sababu baadaye ikawekwa njia ya kumwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka.

Sasa nifike katika kosa langu. Katika shule moja niliyofundisha, mwalimu mwenzetu kijana alitutungia programu ya kuhifadhi alama za wanafunzi. Ilikuwa na orodha ya majina, na ukigusa jina, ukurasa wa alama ulifunguka. Juu palikuwa na mahali pa kutafutia. Siku ya kufunga shule alifika mzazi mmoja pamoja na mwanawe. Nikaandika jina la mtoto, orodha ikapungua ukabaki mstari mmoja tu, wake. Nikaugusa. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na alama za kusikitisha. Kijana akasema kwa upole, "Mwalimu, hizo si zangu." Nikamjibu kwa ukali kuwa mashine haina sababu ya kusema uwongo. Baba yake hakusema neno. Alimshika mkono wakaondoka, na mpaka leo nauona mgongo wa mtoto yule akitoka langoni.

Siku ya pili tulilinganisha na daftari. Kijana alikuwa amesema kweli. Nilipotafuta jina, mstari wake uliobaki ukawa mstari wa kwanza wa orodha fupi. Nilipougusa, programu iliambiwa tu, "Mstari wa kwanza umeguswa," ikaenda katika orodha ndefu ikachukua mwanafunzi wa kwanza wa huko, ambaye ni mtu mwingine kabisa. Na ukurasa wenyewe haukuandikwa jina lolote juu yake. Nilipanda gari nikaenda nyumbani kwao kuomba radhi. Mzee alinipokea kwa heshima na kunipa chai. Lakini mtoto alikuwa amekwisha lala usiku mmoja akijulikana kuwa mwongo.

Je, kosa lilikuwa la nani? Fundi alisahau somo la Dewey. Aliutambua mtu kwa mahali alipokaa, na mahali hubadilika kila orodha inapopangwa upya au kupunguzwa. Katika shule kila mwanafunzi ana nambari ya kuandikishwa, asiyoshirikiana na mwingine, nayo haibadiliki hata majina yakipangwa kwa alfabeti, kwa alama au kwa bweni. Mstari ulipaswa kuibeba nambari hiyo na kuikabidhi kwa ukurasa, na ukurasa ulipaswa kuandika jina la mwenyewe juu kabisa, ili anayesoma ahakikishe. Hata waunda vifaa walilielekea jambo hili. Mwaka 2019 Apple ilipotoa njia mpya ya kuunda kurasa, iitwayo SwiftUI, orodha yake ilidai kila kitu kiwe na kitambulisho chake. Na mwaka 2022 kiongozi mpya wa safari alimwezesha fundi kuufunganisha mstari na kitu chenyewe, wala si na ukurasa tu.

Lakini, msomaji, sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu. Fundi alisahau nambari. Mimi nilimsahau mtoto aliyesimama mbele yangu. Labda siku moja wewe nawe utatunga orodha ya wagonjwa wa zahanati, au ya wakulima wanaopeleka maziwa, au ya wanafunzi wa darasa lako. Hakikisha kuwa kila mstari unampeleka mtu mahali pake pa haki, na kwamba njia ya kurudi iko wazi. Na hata ukiwa si fundi ila ni mgusaji tu kama mimi, ukurasa ukifunguka soma kwanza jina lililo juu yake. Na mwenye jina akisema, "Hizo si zangu," weka simu chini umsikilize.