Kipepeo na roho

Kipepeo na roho ni uhusiano wa ishara katika visasili vya Wagiriki na Warumi wa kale, ambamo roho ilichorwa kama kipepeo au msichana mwenye mabawa ya kipepeo. Chanzo chake kimo katika lugha: neno la Kigiriki *psyche* lilimaanisha pumzi, roho na pia kipepeo, na Aristotle alilitumia kwa mdudu huyo. Apuleius, mzaliwa wa Madauros, Afrika Kaskazini, alisimulia kisa cha msichana aitwaye Psyche kwa Kilatini katika karne ya 2. Kiswahili nacho kinaweka jirani kipepeo, upepo na pepo. Yaweza kupingwa kwamba ujirani wa maneno si imani, na pingamizi hilo ni zito: kwa mfano, heshima ya Wanyamwezi wa Tabora kwa mizimu ilisimama juu ya ukoo na matambiko, si juu ya maneno. Hata hivyo, maneno yanaonyesha wazo lilipoanzia: hewa isiyoonekana, lakini inayotikisa.