Mtafiti wa chanjo ana "machapisho mengi": maana yake nini?

Katika vipindi vyetu vya afya mara nyingi tunamtambulisha mgeni kwa kusema ana machapisho mengi ya kimataifa. Wasikilizaji wa Nachingwea na Ruangwa wametuuliza: machapisho ni kitu gani hasa, na wingi wake unamsaidia nini mama anayempeleka mtoto kliniki? Swali ni la haki. Tutalijibu kwa kumtazama mtafiti mmoja Mtanzania, Dk. Ally Olotu wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambaye amechunguza jinsi mwili wa mtoto unavyojenga kinga baada ya chanjo ya malaria.

Chapisho ni ripoti ya utafiti iliyotoka kwenye jarida la kitaalamu. Kabla haijatoka, wataalamu wasiohusika na utafiti huo huisoma na kuuliza maswali magumu. Nyingine hurudishwa zikarekebishwe, nyingine hukataliwa kabisa. Ikishatoka, watafiti wengine wanaoitumia huitaja katika kazi zao, na kila kutajwa kunahesabiwa. Hapo ndipo kinapopatikana kipimo kiitwacho h-index: mwenye machapisho 20 ambayo kila moja limetajwa angalau mara 20, kipimo chake ni 20.

Wakulima wa korosho mtatuelewa haraka: magunia yanaweza kujaa ghala, lakini bei inafuata daraja. Chapisho linaweza kutajwa sana kwa sababu watu wanalipinga. Mengine yana waandishi zaidi ya 30, na wote wanahesabiwa sawa. Kwa hiyo sisi hutazama pia mpangilio wa majina. Katika tafiti za afya, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyebeba sehemu kubwa ya kazi na kuiandika, na la mwisho ni la kiongozi.

Jina la Olotu liko la kwanza kwenye ripoti zilizotoka 2011, 2013 na 2016 kuhusu chanjo ya RTS,S. Ile ya 2011 ilihusu watoto wa Korogwe, mkoani Tanga, na wa Kilifi, pwani ya Kenya. Pamoja na kupima chanjo inazuia malaria kiasi gani, watafiti walipima kingamwili kwenye damu, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya sindano, ili kuona kama wingi wao unaendana na ulinzi wa mtoto.

Ya 2016, iliyotoka katika New England Journal of Medicine, ndiyo tunayoiona nzito zaidi. Watoto 447 wa Kilifi walifuatiliwa kwa miaka saba. Mwaka wa kwanza chanjo ilipunguza malaria kwa karibu asilimia 36. Kufikia mwaka wa nne ilikuwa chini ya asilimia 3. Mwaka wa tano, watoto waliochanjwa waliokuwa wakiishi penye malaria nyingi waliugua zaidi kuliko wenzao ambao hawakupata chanjo hiyo. Hizo si habari ambazo mtu angependa kuzitoa kuhusu chanjo iliyosubiriwa kwa miongo mingi. Zilichapishwa hivyo hivyo. Swali la kinga inayopungua lilikuwa mezani wakati Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza RTS,S mwezi Oktoba 2021, na pendekezo lilikuwa dozi nne, wakati watoto wale wa Kilifi walipata tatu.

Huku kwetu nako kumewahi kuingia kwenye majarida hayo. Mwaka 2004 watafiti wa Ifakara na wenzao walitembelea kaya zipatazo 21,600 katika wilaya tano za kusini: Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Kuanzia 2005, katika nusu ya tarafa za wilaya hizo, watoto wachanga walipewa dawa ya SP kuwakinga na malaria siku walipoletwa kwa chanjo za kawaida. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo kwa nchi ambazo malaria ni nyingi na SP bado inafanya kazi. Ukiwa mzazi wakati ule na ukajibu maswali ya wale vijana waliokuja na vikompyuta vya mkononi, majibu yako yamo humo, bila jina lako, na wala hayaingii kwenye h-index ya mtu yeyote.

Ukitaka kumtafuta mtafiti mwenyewe, andika jina lake kwenye PubMed kwa simu yako. Muhtasari wa ripoti nyingi husomwa bure, ingawa ni kwa Kiingereza. Angalia na mahali anapofanyia kazi, maana majina hufanana, na ukimtafuta mtu mwenye jina la kawaida unaweza kumpa sifa za mwingine.