Nasaba ya Datsun 240Z

Katika Pasaka ya mwaka 1971, mashindano ya East African Safari, ambayo tangu mwaka 1953 yalikuwa yakiwajaribu watu na mitambo katika tope na vumbi la nchi zetu, yalitwaliwa na motokaa ambayo, kwa kuitazama umbo tu, wengi wangaliapa kuwa haikuumbwa kutoka nje ya lami: fupi ya kimo, ndefu ya pua, yenye viti viwili tu na mgongo ulioteremka taratibu hadi nyuma. Ilikuwa Datsun 240Z, iliyoendeshwa na Edgar Herrmann, Mjerumani mkaazi wa Kenya, akisomewa ramani na Hans Schüller. Na aliyewafuata katika nafasi ya pili alikuwa kijana wa Uganda, Shekhar Mehta, katika Datsun ya namna iyo hiyo. Mbio za motokaa hiyo zilisifiwa sana wakati ule na zingali zikisifiwa; lakini kwa rai yangu ajabu yake kubwa haikuwa katika mbio, bali katika bei.

Kabla ya hapo, mtu aliyetamani motokaa ya spoti naye hana mali ya urithi aghalabu alielekeza macho yake Uingereza. Waingereza walikuwa mahodari wa hila moja njema: kutwaa injini, ekseli na breki za gari dogo la familia, ambalo limekwisha kurudisha gharama za kiwanda, na kuvivika viungo hivyo bodi nyepesi ya watu wawili. MG walifanya hivyo tangu miaka ya 1920 kwa viungo vya Morris. Na mwaka 1958 ikatoka Austin-Healey Sprite, yenye injini ya Austin A35 ya sentimita za ujazo 948, ambayo iktisadi yake ilifika hadi ya kuinyima vitasa vya nje na mlango wa buti, hata mwenye mzigo hakuwa na budi kuusukumia ndani kwa kupitia nyuma ya viti. Haikuwa na mbio za kutisha, wala haikudai kuwa nazo, na walioinunua waliipenda kwa uchache wake. Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1960 hila ile ilikwisha kuzeeka, kwa kuwa waliokuwa nayo waliacha kuifanyia kazi: MGB, iliyoanza kuuzwa mwaka 1962, ilikuwa ingali na ekseli ya nyuma ya gogo moja la chuma lililolazwa juu ya springi kama la lori, na mvua ilipompata dereva kabla hajafunga turubai, hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya starehe.

Aliyeiona nafasi hiyo alikuwa Yutaka Katayama, mzaliwa wa mwaka 1909, ambaye kampuni ya Nissan, watengenezaji wa Datsun, ilimtuma Marekani mwaka 1960 kuuza magari ambayo Wamarekani hawakuwa na haja nayo. Hakuwa mtu wa kukaa mezani. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameongoza kikosi cha Datsun ndogo katika mashindano ya kuizunguka Australia, kikarudi na ushindi wa daraja lake. Alilolitaka kwa wakubwa wake wa Japani ni motokaa yenye uzuri wa magari ya matajiri, ambayo fundi wa kawaida angeweza kuitengeneza na karani wa kawaida angeweza kuilipia. Kikosi cha wachoraji kilichoongozwa na Yoshihiko Matsuo kikaipa umbo. Wakubwa wakaipa jina la Fairlady, ambalo rais wa kampuni alilipenda baada ya kutazama mchezo wa kuimba huko New York. Katayama, akijua kuwa hakuna dereva wa Texas atakayekubali kuonekana na jina hilo, akaamuru libanduliwe na mahali pake pabandikwe tarakimu na herufi: 240Z.

Na bei je, ilipatikanaje? Hapa inafaa kuacha umbo na kufungua boneti. Datsun 1600, gari la saluni la watu wanne, ilikuwa na injini ya silinda nne, kila silinda ikiwa na upana wa milimita 83, na pistoni yake ikienda milimita 73.7, jumla sentimita za ujazo 1,595. Injini ya 240Z ilikuwa na silinda sita, upana milimita 83, mwendo milimita 73.7, jumla 2,393. Vipimo ni vile vile. Zimeongezwa silinda mbili. Na msomaji akumbuke kuwa mshindi wa Safari ya mwaka 1970 alikuwa Herrmann yuyo huyo, pamoja na Schüller yuyo huyo, katika Datsun 1600 SSS. Basi lile gari la fahari la mwaka 1971 lilikuwa ndugu wa damu wa gari la familia la mwaka uliotangulia, na nguvu zake zipatazo 150 za farasi zilitoka katika ukoo ambao barabara zetu zilikwisha kuutahini.

Kwa njia hiyo mnunuzi wa Marekani alipata, kwa dola 3,526, silinda sita, magurudumu manne yaliyosimama kila moja kwa springi yake, breki za diski mbele na paa la chuma juu ya kichwa chake. Bei hiyo ilikaribiana na ile ya MGB GT yenye silinda nne, ilhali Jaguar E-Type, ambayo watu walipenda kuilinganisha nayo, iliwagharimu wenye nayo dola nyingi zaidi. Wateja walingoja miezi, na baadhi ya wauzaji, walipoona uchu huo, wakajiongezea faida yao juu ya bei ya kampuni.

Mwaka 1973, Safari ilipohesabiwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia, 240Z ilishinda tena, na safari hii kwa namna ambayo mahakimu wenyewe iliwatoa jasho. Mehta, ambaye mwaka mmoja kabla familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin, naye akahamia Kenya, alilingana kwa alama na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun ya saluni. Akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kutozwa alama ya kwanza. Mehta akaja kushinda Safari mara nne zaidi, mfululizo kuanzia mwaka 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun. Watu wa Nairobi wa umri fulani hawahitaji kuelezwa.

Baada ya hapo mambo yakaenda kama yanavyokwenda. Sheria za Marekani juu ya moshi na mabampa zikaongeza uzito, na wauzaji wakaongeza anasa. 260Z ikafuatwa na 280Z, na mwaka 1978 ikaja 280ZX, gari laini la mtu aliyekwisha kufanikiwa. Waingereza nao wakafunga kiwanda cha MG cha Abingdon mwaka 1980. Hila yao ya zamani ikabaki bila mwenyewe hadi mwaka 1989, Mazda walipotwaa injini ndogo, ya lita 1.6 tu, yenye asili katika gari lao la familia la 323, wakaiweka katika MX-5 yenye viti viwili, na kuiuza Marekani kwa dola 13,800. Na za namna hiyo zimekwisha kuundwa zaidi ya milioni moja.

Kuhusu 240Z yenyewe, mwenye kuitafuta leo asiende na kipimo cha Katayama. Mwezi Januari 2020, moja ya mwaka 1971, iliyotunzwa vizuri mno, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Najua kuwa dola ya leo si dola ya zamani. Lakini kwa hesabu ya tarakimu tupu, fedha hizo mwaka 1970 zingalinunua 240Z mpya 87, na chenji ingalibaki ya kutosha kununua petroli ya mojawapo kwa miaka kadhaa.